Mstari wa Mama Katika Daftari

Asubuhi za Malton zilinuka mafuta ya ndege. Harufu yenyewe haikuwa kali. Ilikuwa nyepesi na tamu kidogo, kama ya chemli iliyozimwa chumba cha pili, na ilipenya hata madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Tulikaa ghorofa ya tatu, pembeni mwa Toronto, mahali ambapo ndege zinazotua huwa zimeshuka kiasi kwamba unaona madirisha yake moja moja. Kila ndege ilipopita, vikombe viligongana kabatini, na mdogo wetu Mghoi, aliyekuwa na miaka saba, alinyamaza katikati ya neno, akasubiri, kisha akamalizia neno lake pale pale alipoliacha. Sote tulifanya hivyo. Nikikumbuka msimu ule, tangu theluji ya Februari hadi majani ya kwanza ya Mei, nakumbuka zaidi huko kunyamaza: watoto watatu mezani, vijiko mkononi, vikombe vinatetemeka, nasi tunangoja kitu kikubwa kipite juu ya vichwa vyetu bila kutuangukia.

Juu ya meza hiyo ya jikoni palikuwa na daftari. Lilikuwa refu, la jalada gumu jeusi na mgongo wa kitambaa chekundu, na Mama alilinunua Mombasa siku chache kabla hatujasafiri kwa sababu hakuamini kwamba Kanada wangekuwa na daftari la aina ile. Kabla ya kuja huku alikuwa mhazili katika kampuni ya uwakala wa forodha karibu na bandari, chini ya mzee mmoja Mwingereza aliyependa utaratibu kuliko alivyopenda watu. Ofisi ile ilikuwa na daftari la kutoka na kuingia. Hakuna aliyevuka mlango bila kuandika herufi za jina lake, anakokwenda, saa ya kutoka na saa anayotarajia kurudi. Akirudi, aliandika saa aliyorudi na kuufunga mstari kwa alama ya vyema. Baba alipofariki, Mghoi akiwa bado ananyonya, Mama aliileta desturi ile nyumbani. Nadhani alitaka kujua kila saa sisi tuko wapi. Akaja nayo hadi Malton, akaliweka daftari mezani, akaifunga kalamu kwa uzi kwenye mguu wa meza, na akatuwekea sheria moja tu: hakuna anayekula chakula cha jioni kama mstari wa mtu yeyote uko wazi. Aliyechelewa, tulimngoja. Wali ulipoa na tuliendelea kumngoja.

Daftari lile halikuandikwa kwa maneno kamili. Lilijaa vifupisho vya Kiingereza alivyojifunza kwa yule mzee, na tulivijua kabla hatujajua Kiingereza chenyewe. Shule ilikuwa Sch., maktaba ilikuwa Lib., na ukurasa ulipojaa aliandika chini yake P.T.O., yaani geuza. Mwakio, ndugu yangu wa katikati, ambaye nyumbani tulimwita Kio, aliandika P.T.O. hata mwisho wa insha zake za darasa la saba, na mwalimu akamwuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi na miwili anaomba likizo ya malipo, kwa maana hivyo ndivyo herufi zile zinavyosomwa huku. Mama mwenyewe yalimpata ghalani, alikopanga vifurushi zamu ya asubuhi. Alibandika karatasi ya maelezo kwenye ubao, akaandika P.T.O. chini, na kwa wiki nzima wenzake wakawa wanamwuliza lini anakwenda likizo na kama atawaletea kofia za ufukweni. Barua zake kwa walimu alizimalizia kwa Ta, ambayo kwake ilikuwa asante ya kirafiki. Shuleni kwa Mghoi, ambako T.A. ni mwalimu msaidizi, walidhani anaomba kazi hiyo, wakamtumia fomu. Tulicheka mpaka Mghoi akapata kwikwi. Mama alicheka nasi, lakini hakubadilisha hata herufi moja. Alisema herufi hizo zilimlisha miaka kumi na minne na hatazitupa kwa sababu watu wa huku wamezipa kazi nyingine.

Mwanzoni mwa Februari herufi mpya ziliingia katika mstari wake. O.P.D. Kisha B.P., kipimo cha presha. Kisha O.P.D. tena, mara mbili katika wiki moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikumbuka kibao cha O.P.D. kwenye hospitali ya Mombasa, ukumbi wa wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, mabenchi ya mbao na watu wameshika kadi. Hapa hakuna anayezitumia herufi hizo. Mtu wa Malton angeweza kulisoma daftari letu ukurasa baada ya ukurasa asijue kwamba mwenye nyumba anaumwa, na nadhani Mama alilijua hilo. Asubuhi niliona jinsi alivyosukuma mguu ndani ya buti, akapumzika, akasukuma tena. Soksi zilimwachia mfereji kuzunguka kifundo cha mguu, na mfereji ule ulibaki hadi jioni. Nilipouliza, aliniambia ni chumvi ya vyakula vya ghalani.

Mtu mmoja tu nje ya familia aliweza kulisoma daftari. Huyo alikuwa Bi Shirin wa ghorofa ya nne, mjane wa Kiismailia mzaliwa wa Tanga, aliyesoma shule enzi za Waingereza na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda jamatkhana kusali, alipita kwetu na bakuli lililofunikwa sahani. Siku moja alisimama mbele ya daftari, miwani imeshuka puani, akasoma kimya, akaniita kando ya friji.

"Wee Wakesho. Mama yako kaandika O.P.D. mara tatu, nawe unaniambia ana mafua?"

Nilimwambia Mama ndiye aliyesema ni mafua. Alifunika bakuli lake vizuri ingawa lilikuwa limefunikwa tayari, na akasema nikihitaji chochote nipige kwa kijiko bomba la joto linalopanda hadi kwake, atasikia.

Jumatatu moja, barabara zikiwa zimejaa tope la theluji na chumvi, Mama alivaa koti lake la kijani, akakaa mezani na kuandika kwa mwandiko wake uliolala kulia: G.M., herufi za jina lake, Hosp., Back Thurs., yaani atarudi Alhamisi. Aliandika polepole. Kisha akanipa maagizo manne, akiyahesabu kwa vidole. Kio asiache kumeza dawa yake ya pumu. Mghoi asisukwe nywele na mtu wa nje. Watoto wasiletwe hospitalini, kwa kuwa msimu ule wa mafua wodi ilikataza watoto wadogo, na hata kama isingekataza. Na shuleni, mtu yeyote akiuliza, Mama yuko kazini. Agizo hilo la nne halikuhitaji maelezo. Kanisani tulikuwa tumesikia mara nyingi habari ya watoto waliokutwa nyumbani bila mtu mzima, gari likaja mchana kweupe, na ndugu wakagawanywa nyumba mbalimbali za mji kama vifurushi. Kila aliyeisimulia alimjua mtu aliyemjua mama wao. Mimi niliogopa gari lile kuliko nilivyouogopa ugonjwa, kwa sababu ugonjwa sikuujua.

Akasimama, akavuta begi lake dogo. Mlangoni aligeuka na kusema, "Alhamisi nikirudi nikute mistari yote imefungwa."

Alhamisi hakurudi. Hospitali ilipiga simu mchana kusema wanambakisha kwa vipimo zaidi, na mimi niliyepokea simu nikafanya sauti yangu kuwa nzito ili nionekane mkubwa. Jioni nilipakua wali na kunde. Kio alikaa. Mghoi hakukaa. Alisimama kando ya daftari, kidole chake juu ya neno Thurs., na akauliza kwa Kiingereza, kama walivyokuwa wakinijibu siku hizo, tutakula vipi na Mama hajafunga mstari. Nilimwambia Mama ameturuhusu. Akasema haikuandikwa. Nilimwamuru akae, akakaa, akaweka mikono mapajani na kuutazama wali mpaka mvuke wake ukaisha. Aliamka asubuhi hajala kitu, akaenda shule hivyo hivyo.

Siku hiyo ya Ijumaa nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijui nililitoa wapi. Nilirudi nyumbani saa sita badala ya kuingia somo la hesabu, nikashika kalamu ya kwenye uzi, nikaulaza mwandiko wangu kulia, nikaandika katika mstari wa Mama kwamba aliingia saa saba na dakika kumi. Nikauwekea alama ya vyema. Chini yake nikaandika mstari mwingine: G.M., Hosp., ametoka saa nane na dakika arobaini. Nikachemsha maji, nikatia majani ya chai kwenye kikombe chake cha rangi ya bluu, nikamwaga chai nikaacha ya chini kidogo, nikakiweka kikombe kwenye sinki. Nikauhamisha mtandio wake kutoka msumarini hadi mgongoni mwa kiti. Watoto waliporudi niliwaambia Mama alipita mchana kupumzika, na kwamba wodi inamruhusu mara moja moja. Mghoi aliusoma mstari, akaenda kwenye sinki, akakitazama kikombe. Kisha akakaa mezani na kula sahani nzima.

Tangu siku hiyo Mama akawa anakuja nyumbani mchana. Alikuja Jumamosi watoto wakiwa kwa Bi Shirin, Jumapili wakiwa kanisani, akaja Jumatatu, akaja Jumanne. Wakati mwingine alikaa nusu saa, wakati mwingine saa mbili, na nilijitahidi saa zake zisifanane sana. Mstari wake wa pili wa siku, ule wa kutoka, ulifungwa na ujio wa kesho yake, kwa hiyo jioni palikuwa daima na alama moja mpya ya vyema, na hiyo ilitosha. Ili niweze kuandika ilinibidi niwe nyumbani mchana, na ili niende hospitalini, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, ilinibidi niondoke asubuhi. Katika mstari wangu mwenyewe niliendelea kuandika Sch. Mara nyingi sikuwa nimekwenda. Wiki ya pili nilikwenda siku mbili, wiki ya tatu siku moja, na baada ya hapo sikwenda tena kabisa. Hakuna siku niliyokaa chini nikaamua kuacha shule. Niliacha kwa kuandika kila siku kwamba nimekwenda.

Hospitalini Mama alikuwa anazidi kuwa mdogo kitandani huku miguu yake ikizidi kuwa mikubwa. Figo, walisema. Walisema na mengine, kwa haraka, wakitazama nyuma yangu kana kwamba mtu mzima wangu atatokea wakati wowote. Mama alinipa vikaratasi vya kuwapelekea wadogo zangu, vimeandikwa kwa herufi zile zile. Kimoja kilisema Sr. ni mwema na anamletea chai. Kio alidhani ni mzee fulani wa kitanda cha jirani, maana huku Sr. huandikwa kwa mtu mkubwa mwenye mtoto wa jina lake. Bi Shirin ndiye aliyetueleza kwamba ni Sister, yaani muuguzi mkuu wa wodi, na akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akasema hajaona mtu akiandika hivyo tangu Tanga. Mama hakuniuliza kama naenda shule. Aliniuliza kila mara jambo moja tu, kama mistari inafungwa, nami nikamjibu kwamba inafungwa. Sikumwambia kuwa nafunga na wake.

Siku moja barua ilitoka shuleni kwangu, ikimtaka mzazi apige simu. Nyingine ikaja. Niliziweka chini ya daftari. Mchana mmoja mtu aligonga mlango, mara tatu, akangoja, akagonga mara tatu tena. Nilikaa sakafuni kando ya friji nikishika kikombe cha bluu chenye chai ya moto, nisipumue, hadi niliposikia lifti inashuka. Labda alikuwa fundi wa bomba. Kidole changu kiliungua kidogo, na mpaka leo sehemu ile haisikii vizuri.

Mama alifariki asubuhi ya Jumatano, mwishoni mwa Aprili. Nilikuwa kwenye basi la pili wakati huo. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika, na muuguzi mkuu, yule Sr., alinishika bega na kuniuliza nani amekuja nami. Nikamwambia niko peke yangu. Akauliza nani yuko nyumbani. Nikasema niko mimi. Niliona usoni mwake kwamba amenielewa, na kwamba alikuwa mwema kweli, na kwamba hataweza kunyamaza.

Nilirudi nyumbani saa nane. Nilikaa mbele ya daftari. Mstari wa Mama, ule niliouandika mimi Jumanne, ulisema Hosp. na ulikuwa wazi. Nikashika kalamu. Nilijua vizuri namna ya kulifanya jambo lile. Nilikuwa nimelifanya zaidi ya siku thelathini, na mwandiko wake ulikuwa umenizoea mkononi kuliko wangu. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, ikaacha nukta. Sikuweza kuiendeleza. Nikasikia ufunguo mlangoni. Kio aliingia kwanza, Mghoi nyuma yake, mabegi mgongoni. Mghoi alikuja mezani, akautazama mstari, akaona nukta, akatazama sinki lililokuwa kavu. Akavua begi lake. Akaketi kwenye kiti chake na kuweka mikono mapajani kama ile Alhamisi ya kwanza. Kio akajiegemeza mlangoni, akateleza polepole hadi akakaa sakafuni. Ndege ikapita. Tukangoja ipite. Siku ile hakuna aliyekula.

Baada ya mazishi, ambayo kanisa na Bi Shirin waliyabeba mabegani mwao, alikuja mama wa ofisi ya ustawi wa watoto. Alikuja saa nne asubuhi, mchana kweupe kama katika ile habari ya kanisani, na gari lake dogo jeupe lilikaa chini ya dirisha letu injini ikiwa imezimwa. Alikuwa mtu mpole mwenye mkoba mkubwa na buti zilizopanguswa vizuri mlangoni. Nilitamani awe mkali, maana ukali ningejua pa kuushika. Aliangalia friji, akaangalia vitanda, akaangalia dawa ya Kio. Kisha akatuambia, akichagua maneno, kwamba kwa sasa amepata nafasi mbili, nyumba moja Richmond Hill kwa ajili ya Mghoi na nyingine upande wa pili wa mji kwa Kio. Karatasi aliyokuwa ameishika ilikuwa na majina yao mawili na mshale pembeni ya kila jina. Jina langu halikuwemo. Mimi nilikuwa karibu kutimiza miaka kumi na minane.

Nilimwambia wadogo zangu wametunzwa. Nikamletea daftari, kwa kuwa ndilo kitu pekee tulichokuwa nacho kilichoandikwa. Nilimwonyesha kila siku walipotoka na kila siku waliporudi, hakuna jioni iliyokosa, hakuna mtoto aliyechelewa bila maelezo. Alisoma kwa makini. Mwanzoni niliona uso wake ukilainika. Baadaye aliuliza G.M. ni nani. Nikamwambia. Akatoa karatasi nyingine kutoka mkobani, akaziweka kando kwa kando, na kidole chake kikashuka mstari kwa mstari. Akasema hospitali imeandika kwamba mama yetu hakutoka kitandani hata mara moja tangu siku alipolazwa. Sasa aliyekuja hapa saa saba na dakika kumi ni nani?

Bi Shirin, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha na kikoba chake mapajani, aliacha kusogeza shanga zake za tasbihi.

Nilisema ukweli. Sikuwa na kitu kingine. Nilisema niliandika mimi, ili wale. Nilieleza habari ya kikombe na mtandio, na nilipokuwa naeleza nilijisikia jinsi inavyosikika. Yule mama hakunigombeza. Alisema anaelewa kwamba nilikuwa na hofu, lakini kwamba kazi yake ni kuamini kilichoandikwa, na kama niliweza kuwadanganya watoto kuhusu mama yao kwa wiki tano, atajuaje kwamba saa hizi nyingine ni za kweli, na chakula, na dawa? Akasema atawachukua leo. Alisema mtoto hapaswi kuishi katika nyumba ambamo haambiwi ukweli. Mpaka leo nikilitafuta jibu la maneno yale, silipati.

Ni Mghoi aliyesema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mama, na alizungumza kwa Kiingereza chake cha shule, kwa utulivu, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia.

"Hakutudanganya. Tulijua," alisema. "Mama hutia tangawizi kwenye chai. Kile kikombe hakikunuka tangawizi hata siku moja."

Yule mama akamwuliza, kama mlijua, mbona hamkusema.

"Kio alisema tusiseme. Dada akijua tunajua, ataacha kuandika. Akiacha kuandika atalia, na hatutakula."

Nilimtazama Kio. Alikuwa anautazama uzi wa kalamu. Kumbe kila jioni kwa wiki tano walikuwa wanaingia, wanausoma mwandiko wangu, mmoja ananusa kikombe, kisha wanakaa kula mbele yangu ili mimi nipate nguvu ya kesho. Mimi nilidhani nimewabeba wao.

Hapo ndipo Bi Shirin alipoinuka. Alizungumza kwa Kiingereza cha darasani Tanga, kila neno limesimama wima. Alisema anaishi ghorofa moja juu, ana vyumba viwili visivyo na mtu, na kwamba daftari hilo yeye amelisoma kila Ijumaa tangu watu hawa wahamie, na anaweza kumsomea herufi moja baada ya nyingine ikiwa ofisi yake inataka. Kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Watalala kwangu, watakula kwako. Mwambie aandike hivyo."

Waliinamia daftari kwa muda wa saa mbili hivi, mwanamke wa ustawi akiuliza, Bi Shirin akisoma, Mghoi akimsahihisha Bi Shirin. Mwishowe yule mama alisema nyumba ya juu itakaguliwa, watu wataulizwa, na kwamba atakuja kila mwezi, wakati mwingine bila kutoa taarifa. Ile karatasi yenye mishale hakuichana. Aliikunja mara mbili na kuirudisha mkobani. Kwa mwaka mzima na zaidi, kila alipokuja, nilijua imo mle ndani. Nilipata kazi ya kuosha sinia katika jiko la vyakula vya abiria wa ndege, zamu ya asubuhi kama Mama. Shule waliniambia nafasi yangu ipo nikitaka kurudi. Nilitaka. Sikurudi. Mwishowe sheria iliponiruhusu, niliwaandikisha wadogo zangu kwangu, na siku ile yule mama wa ustawi alinishika mkono kwa mikono miwili. Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka nikisikiliza lifti mpaka iliposhuka chini kabisa.

Siku hizi bado niko Malton, ghorofa ile ile. Bi Shirin alifariki, na watu wa ghorofa ya nne siwajui kwa majina. Kio anatengeneza lifti katika majengo ya mjini, na Mghoi anafundisha watoto wadogo. Hatulazimiki kuandikiana tulipo. Simu inatuonyesha, kila mmoja nukta ndogo juu ya ramani, na wao wananitumia vifupisho vyao vipya ambavyo namwomba binti yangu anisomee. Hakuna anayengojwa huku wali ukipoa. Mtu anakula akiwa amesimama, akiwa ndani ya gari, akiwa anaangalia nukta ya mwenzake inasogea. Ni maisha mepesi, na sitasema yale yalikuwa bora. Nilipoteza shule ndani ya daftari lile. Hata hivyo nukta haikuambii mtu ametoka kwenda kufanya nini, na nani anaogopa.

Daftari bado liko mezani. Yale ya zamani nimeyahifadhi, na katika lile la Mama mstari wake wa Jumanne ile bado uko wazi, na nukta ya kalamu pembeni. Hili la sasa naliandika mimi peke yangu, kwa mazoea. Majira haya ya baridi nimeanza kuona asubuhi soksi zinaniachia mfereji kwenye kifundo cha mguu. Wiki iliyopita niliandika kitu katika mstari wangu, nikaenda, nikarudi, nikaufunga, na sikumwambia mtu. Jumamosi Mghoi alipita kunisalimu. Alisimama kando ya meza na koti lake, akasoma. Nilikuwa nimeandika O.P.D. Mkono wangu uliandika wenyewe. Akaenda kwenye sinki, akachukua kikombe changu, akakinusa, akakirudisha.

"Tangu lini, Dada?"

Nikamwambia tangu lini. Akaketi kwenye kiti cha Mama bila kuvua koti, akanisogezea daftari. Kalamu iko kwenye uzi bado. Niliandika polepole, kwa maneno kamili ambayo mtoto yeyote anaweza kuyasoma: Jumanne, hospitali, vipimo vya figo, naenda na Mghoi. Mahali pa saa ya kurudi nimepaacha, kwa sababu siijui. Kio amepiga simu kusema atafika mapema apike, na kwamba hakuna atakayekula kabla hatujarudi.